Udi na Petroli

Leo mjukuu wangu alipokuwa akitia petroli, harufu yake ilichanganyika na udi wa kanzu yangu, nikacheka peke yangu kwenye kiti cha nyuma.

Nilikumbuka siku moja ya utoto wangu, mimi, baba na bibi tulipokuwa tunakwenda Makunduchi, kwenye sherehe za mwaka mpya, Mwaka Kogwa. Nilitaka jambo moja tu: kukiona kile kibanda cha makuti kinavyochomwa moto kuuaga mwaka. Lakini gari kuukuu la baba kila likienda kidogo lilikwamakwama, likaishiwa nguvu, likazima. Tukingoja linawaka; mbele kidogo, yale yale.

Baba alisafisha plagi, akapuliza kabureta. Wapi!

"Petroli imo kweli?" niliuliza, karibu nilie.

"Nlijaza jana," alisema, lakini akenda kutazama. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimezongwazongwa mfuko wa nailoni, na kamba juu yake. Alipokifungua tu, tangi likavuta hewa, fyuuu!

"Baba, lilikuwa limezibwa pumzi!" niliruka.

"Nani kafanya haya?" baba aliuliza.

"Mie," alijibu bibi kutoka ndani ya gari. "Nguo nshazifukiza udi, nende nikanuke petroli mbele ya mawifi zangu?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tulipoutoa ule mfuko, gari likaenda kama jipya. Njia nzima nilimtania, "Bibi fundi!" naye kaziba pua kwa upindo wa kanga, anacheka.

Tulifika moshi wa kibanda ndiyo kwanza unapanda. Nikaruka chini.

"We mtoto, nishike mkono nishuke!" bibi aliita.

Nilimsikia. Nikazidisha mbio.