Chenye Gurudumu Moja au Zaidi

Halmashauri ya jiji ilimwajiri kwa muda, na muda wenyewe sasa ulikuwa unaingia mwaka wa kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magari. Alikaa kwenye stuli ya plastiki pembeni ya barabara kubwa, mwavuli begani, fomu mapajani, na kila kilichopita alikipigia mstari: minne wima, wa tano unakata. Ofisini na mtaani wote walimwita Shangazi.

Kazi aliimudu haswa. Angeweza kusikia lori akiwa amelipa mgongo akakwambia limebeba au ni tupu. Tarakimu zake zilipanda ghorofa ya nne, kwenye ofisi ya mipango, na baada ya miaka miwili mitatu zilishuka zikiwa lami. Lami hiyo kwa kawaida ilishukia mitaa mingine, lakini hilo halikuwa juu yake.

Aliishi na mama yake, ajuza mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Kila mwezi mama alitakiwa kliniki, na kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara ileile. Siku moja Shangazi alirudi kutoka kazini akamkuta kakaa kitandani, viatu miguuni, kadi bado mkononi.

"Daktari kasemaje, mama?"

"Sijui. Sikufika."

"Hukufika wapi?"

"Ng'ambo." Mama akavua kiatu kimoja. "Nimesimama pale tangu saa tatu. Nikitia mguu, gari. Nikiutoa, gari. Saa saba mlinzi akafunga geti la kliniki. Nilimwona, naye akaniona, tukapungiana mikono. Nikarudi zangu."

Shangazi akaangua kicheko, halafu akakumbuka. Siku hiyo tangu asubuhi alikuwa kwenye stuli yake, hatua hamsini kutoka pale mama aliposimama. Alikuwa ameorodhesha hadi toroli la kuzolea taka. Mama yake mzazi hakumwona.

Kesho yake akapiga moyo konde, akapanda ghorofa ya nne kwa mhandisi wa mipango. Mhandisi alikuwa kijana mstaarabu, shati limenyooka, na ukutani kwake kulikuwa na ramani ya jiji ambayo barabara zote zilikuwa zimekwisha kutengenezwa.

"Pale kliniki tunahitaji kivuko," Shangazi akasema. "Watu wanavuka roho mkononi."

"Nakuelewa, Shangazi. Ila barabara inapata pesa kwa alama, na alama zinatoka kwenye fomu. Fomu ndiyo ile unayojaza wewe."

"Fomu haina safu ya watu."

"Ndiyo maana pale hakuna watu."

"Nimewaona kwa macho yangu."

"Umewaona, sikatai. Lakini hukuwajaza."

"Basi ongezeni safu."

Mhandisi akamhurumia kwa dhati. Kuongeza safu, akamweleza, kunahitaji utafiti. Utafiti unahitaji fungu. Na fungu la utafiti hupewa barabara zenye watu wengi, kwa mujibu wa fomu. Akamsindikiza mpaka kwenye lifti, ambayo ilikuwa mbovu.

Shangazi alishuka kwa ngazi. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, aliisoma ile fomu mbele na nyuma. Nyuma, kwa maandishi madogo ya kumtoa mtu machozi, akakuta maelezo ya safu ya mwisho: *Vyombo visivyo na injini, yaani chochote kinachosukumwa au kuvutwa, chenye gurudumu moja au zaidi.*

Akavaa kanga, akaenda kwa jirani yake, fundi cherehani, mwanamke ambaye ukimwambia jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalo.

"Jumatano nahesabu pale kliniki," akamwambia. "Anayevuka avuke na gurudumu."

"Gurudumu la nini?"

"La chochote, shoga yangu. Fomu haichagui."

Jumatano ilipofika, barabara iliona mambo. Walitokea wanawake na matoroli ya ujenzi, baba mmoja na sanduku la safari lisilo na safari, wanafunzi wakiviringisha matairi, na mzee mstaafu akivuta kigari cha kuchezea cha mjukuu wake kwa kamba, sura imemkauka kama yuko kwenye gwaride. Mama yake Shangazi aliketi kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu matano, fundi cherehani anamsukuma. Magari yalifunga breki, madereva wakatoa macho. Mama alivushwa, akarudishwa, akaomba avushwe tena.

"Kliniki si leo, mama!" Shangazi akampigia kelele.

"Najua! Acha niikomoe barabara iliyoniringia!"

Shangazi alipiga mistari mpaka kidole kikafa ganzi. Hakuongeza hata chombo kimoja cha uongo.

Ghorofa ya nne kukawa na mshtuko. Barabara moja, siku moja, vyombo elfu mbili mia sita visivyo na injini! Akaletwa mshauri mwelekezi, akaandika kitabu kizima chenye jalada gumu. Ukaitishwa mkutano wa kupokea maoni ya wananchi, saa nne asubuhi siku ya kazi, na wananchi watatu waliofika wakashukuriwa kwa niaba ya wote. Wafadhili walifurahi mno kusikia jiji linapenda usafiri usiochafua hewa. Pesa zikatoka haraka kuliko zilivyowahi kutoka tangu jiji liwe jiji.

Ndani ya mwaka kivuko kikajengwa: tuta pana, taa, vizuizi vilivyopakwa rangi, na kibao kikubwa chenye picha ya mkokoteni. Chini yake kiliandikwa: VYOMBO TU.

Askari wa jiji akawekwa pale kuzuia watembea kwa miguu.

"Mama, hapa ni pa vyombo," akamwambia mama yake Shangazi siku ya kwanza.

"Na mimi nipite wapi?"

"Kule kule mlikokuwa mnapita."

Shangazi alisikia hayo akataka kulia kwa hasira. Fundi cherehani hakulia. Alikwenda kwake, akang'oa gurudumu dogo kwenye meza kuukuu, akalifunga kwa waya kwenye ncha ya bakora ya mama. Kesho yake askari aliinama, akalitazama gurudumu, akatoa sheria ndogo mfukoni, akaisoma, akakuna kichwa. Kisha akasimamisha magari, na ajuza akavuka polepole kama mgeni rasmi. Dakika nne. Kliniki walimwuliza alikuwa wapi muda wote huo. Akawajibu alikuwa anasubiri wafadhili.

Basi mtaa mzima ukavuka hivyo, kila mtu na kigurudumu chake, mpaka mwaka wa fedha ulipokwisha. Katika bajeti mpya ikagundulika kwamba kivuko kilikuwa na fungu lakini askari hakuwa nalo. Akahamishiwa kulinda sanamu. Kuanzia hapo watu wakavuka kwa miguu yao tu, na magari, yakiwa yamekwisha kuzoea tuta, yakawangoja.

Halmashauri ilimpa Shangazi cheti kwa mchango wake katika sekta ya mikokoteni. Alipouliza habari ya ajira ya kudumu, walimwambia suala lake linashughulikiwa. Lakini mhandisi, ambaye dhamiri ilikuwa imeanza kumsumbua, alimwita pembeni akampa karatasi sita za fomu mpya, bado zina joto la mashine. Mwisho kabisa palikuwa na safu nyembamba: *Wengineo (watu).*

Shangazi alizitia kwapani. Jumatatu alikaa kwenye stuli yake akaanza kuwahesabu: mwenye ndoo, mwenye mtoto mgongoni, wawili walioshikana mikono wakigombana. Kumbe watu wengi wa mtaa ule alikuwa hajawahi kuwatazama usoni. Kufikia saa tatu alikuwa amejaza karatasi sita, akarudi ofisini kuomba nyingine.

"Shangazi," mtunza stoo akamgombeza, "hizo zilikuwa za mwezi mzima!"

"Basi chapisheni," akajibu, na akabaki amesimama mlangoni kwake mpaka zikachapishwa.