Nilimstahi Mama Mkwe Mahakamani, Akapoteza Shamba

Mimi ndiye niliyeharibu kesi ya mama mkwe wangu, na niliiharibu kwa heshima zote. Nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane. Matusi siyaogopi, isipokuwa nikitakiwa kuyatafsiri.

Mama mkwe alikuwa na shamba la mihogo kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Geita mjini ninakoishi na binti yake. Jirani yake alipohisi kuna dhahabu, akaanza kuchimba duara pale mpakani, shimo refu la kufuata mwamba. Mama alipomkataza, wakiwa wawili tu shambani, bwana yule alimporomoshea matusi ya nguoni, akamweleza na atakachomfanyia kabla ya kumtupa humo shimoni. Mama hakubishana naye. Alikwenda kumshtaki mahakama ya mwanzo.

Siku ya kesi tulikodi bodaboda mbili, maana kwetu Wasukuma mtu hapandi pikipiki moja na mama mkwe. Wala hatamki neno la aibu mbele yake. Na mimi kwa adabu sijambo, ulizeni popote.

Mama anajua Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Karani anayetafsiri Kisukuma alikuwa na udhuru siku hiyo, hakimu akataka kuahirisha kesi mpaka mwezi ujao. Kabla ya kuahirisha, akauliza kama kuna mtu anayejua lugha zote mbili. Mkono wangu ulikwenda juu kabla akili haijafika. Nilikuwa nimevaa koti, jamani, na mtu aliyevaa koti mahakamani hukaaje kimya?

"Una uhusiano gani na mlalamikaji?" hakimu akaniuliza.

"Jirani tu, mheshimiwa," nikajibu, kisha nikaapa kwamba nitatafsiri kweli tupu. Mshtakiwa, ambaye alikula na kushiba kwenye harusi yangu, alinitazama akatabasamu. Uongo wangu hakuupinga. Mimi nikadhani ananiogopa.

Mwanzoni nilitafsiri vizuri kupita kiasi. Mama aliposema alikwenda shambani, mimi nilisema kwamba mlalamikaji, mnamo asubuhi ya siku hiyo, alielekea katika eneo lake la kilimo. Nilijisikia raha sana.

Kisha mama akafika kwenye matusi. Aliyataja moja baada ya jingine, kama alivyotukanwa, na kile kitisho kikiwa humo humo ndani yake. Shati langu likalowa jasho chini ya koti.

"Anasema alitolewa maneno yasiyopendeza," nikatafsiri.

"Maneno gani? Mbona ameongea dakika tano?"

"Ya kumkosea adabu, mheshimiwa."

"Yataje. Na kama alimtishia, alisema atamfanya nini?"

Hapo ndipo uongo wangu uliponikaba. Ningesema huyu ni mkwe wangu, siwezi kuyatamka mbele yake, hakimu angenielewa na kutafuta mtu mwingine. Lakini nilikwisha kujiita jirani, tena baada ya hapo nikala kiapo. Mama naye, akidhani sikumsikia vizuri, akarudia yote kwa sauti ya juu zaidi. Nikaikazia macho kalenda ya ukutani, nikasema, "Alimwambia ahame, mheshimiwa. Kwa hasira kidogo."

Hasira kidogo. Mtu ametishiwa kuuawa, mimi nikageuza ikawa ushauri wa makazi. Mshtakiwa alipoulizwa kama ana swali, alisema hana, ameridhika na maelezo. Alikuwa na haki ya kuridhika.

Hukumu ikasema kosa halikuthibitishwa. Wiki ile ile maduara yakavuka mpaka na kuingia katikati ya mihogo, na bwana yule akaja mlangoni kwa mama kurudia maneno yale yale, safari hii akicheka. Mama akafungasha, akaja kwetu mjini, mtaa wa Kalangalala.

Mke wangu alinibana nikamweleza nilivyotafsiri, tukaenda kwa karani, naye akatuambia siku za rufaa bado zipo, ila mkalimani aje akiri kwamba hakutafsiri yote. Mkalimani akaugua homa. Homa hiyo ilikuwa na adabu pia, ilinishika mpaka siku zilipokwisha, ikaniacha kesho yake mzima kabisa. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu safari hii sikuwa na mkwe wa kumsingizia.

Sasa mama huzungumza nami kupitia kwa mke wangu. Na mke wangu hapunguzi hata neno.

"Mama anasema hivi," akaniambia juzi nikiwa nakula. "Yeye ni mwanamke mzee, na aliyatamka yale maneno mbele ya wanaume asiowajua, ili abaki na shamba lake. Anauliza wewe ulikuwa unamwonea nani aibu."

Chakula nilikiacha pale pale.

Basi ninyi mnaopenda kuinua mikono mahakamani, mkiulizwa uhusiano semeni kweli. Na ukikubali kumsemea mtu, sema yote, hata kama mdomo unaungua, maana aliyekutuma yamemchoma kabla yako. Mimi nimeshindwa. Hata haya nimewaandikia ninyi msionijua, kwa sababu kwa hakimu sijaenda mpaka leo.