Chekechea Mbili na Kidole Kimoja

Miaka ya tisini nilifundisha chekechea Usevya, ndani ya ghala la kijiji lililokuwa bado linanuka dawa ya mahindi. Watoto walikaa kwenye magunia na kuandika mchangani kwa vijiti. Mwalimu mkuu alinitafutia nafasi kwenye lori la mpunga niende Mpanda mjini, nikaone wenzetu wa Nsemulwa wanafanyaje, nirudi na mapya. Alinionya pia kwamba watoto wakipungua, kijiji kitachukua ghala lake.

Nsemulwa nilikuta mabenchi mafupi, ukuta uliochorwa herufi, na uji wenye sukari. Nasema kweli, niliona wivu. Kilichoniteka zaidi ni mwalimu wa pale. Kila asubuhi aliwapanga watoto mstari, akapita akigusa kila kichwa kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, nao wakiitikia kama kwaya. Sukari sikuwa na uwezo nayo, mabenchi ndiyo kabisa. Kidole ninacho, nikajiambia, na nikarudi Usevya kifua mbele.

Jumatatu nikawapanga wangu. Moja, mbili, tatu, kichwa hadi kichwa. Walifurahi mno, na jioni wakaenda kuuonyesha mchezo huo nyumbani. Jumanne hakuja hata mtoto mmoja wa Kisukuma, na hao walikuwa zaidi ya nusu ya darasa. Jumatano vilevile. Mimi mjuaji nikawalaumu wazazi kwamba wanapenda ng'ombe kuliko shule, huku moyoni naliona ghala likijazwa mahindi.

Alhamisi nikafunga safari hadi kwao, kwani wote walitoka boma moja kubwa la ukoo. Bibi wa watoto wale alikuwa akipepeta mpunga. Aliitikia shikamoo yangu bila kuacha ungo.

"Mwalimu, hivi nyie watoto mnawanyooshea kidole na kuwahesabu?" akauliza. "Sisi hata ng'ombe hatuwahesabu hivyo. Ni kuita mabaya."

"Sasa bibi, jioni mnajuaje kama ng'ombe mmoja hajarudi?"

"Si tunawajua?" Akaweka ungo chini. "Wewe hawa wangu unawajua?"

Nikaanza: yupo anayesinzia akiwa ameshika sikio la jirani yake. Yupo anayekula mchanga akidhani simwoni. Yupo mwenye kovu gotini, ambaye huanza kuimba wenzake wakiwa wameshamaliza. Yupo asiyesema neno mpaka akae na dada yake, na huyo dada ndiye anayenisahihisha mimi. Kadiri nilivyoendelea nikajikuta natabasamu. Sikumsahau hata mmoja, na nilikuwa na hamu nao sana, kuliko nilivyotaka kukiri. Bibi aliokota ungo wake akaendelea kupepeta, nami nikarudi nimenywea.

Ijumaa walikuja wote, na bibi akiwafuata. Niliwapokea mlangoni nikiwatazama usoni mmoja mmoja, mikono nimeifunga nyuma kama mtu anayeogopa kuiba. Walipokwisha kukaa kwenye magunia, bibi hakuondoka. Alifungua kanga mgongoni, akamshusha mjukuu wake mdogo kuliko wote, ambaye hata kutembea alikuwa bado anayumba, akanikabidhi mikononi.

"Na huyu naye," akasema, "umjue."