Hewa ya Mtu Mmoja

Jina la Dakta alipewa miaka mingi kabla hajalistahili. Alikuwa bado mtoto wa madarasa ya chini alipomtoa binamu yake mwiba wa kisigino kwa sindano ya cherehani, na hakutoa chozi hata moja. Binamu alilia mpaka akasikika mtaa wa pili, lakini hilo halikutiwa maanani. Shangazi, fundi cherehani aliyewalea wote wawili na mwenye sindano yenyewe, alitazama kazi, akasema, "Huyu dakta huyu." Tangu siku hiyo hakuna aliyejisumbua kumuuliza akikua anataka kuwa nani.

Alipopata nafasi ya chuo, shangazi alimshonea koti jeupe kwa mkono wake. Mabega yalimzidi, mikono ilifunika vidole.

"Utakua tu," alisema shangazi.

Wakati huo Dakta alikuwa na ndevu.

Chuoni, somo la maadili ya udaktari lilipangwa baada ya chakula cha mchana, muda ambao hata waadilifu husinzia. Siku moja mhadhiri aliuliza: una mashine moja ya oksijeni na wagonjwa wawili, utafanyaje? Mmoja akajibu ataomba serikali ilete nyingine. Mwingine akasema ataomba Mungu, jibu ambalo lilionekana kuwa na uzoefu zaidi. Dakta alisimama akasema apewe yule mwenye nafasi kubwa ya kupona, awe nani, awe wa nani. Kuwagawia wote wawili ni huruma inayoua wawili badala ya mmoja. Mhadhiri alifurahi sana. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika hospitali yenye mashine za kutosha.

Hospitali aliyopangiwa Dakta ilikuwa na mashine moja. Ilisimama katikati ya chumba cha mahututi, kubwa kama friji ndogo, gurudumu moja halipo na kipande cha ubao kimewekwa badala yake, ikinguruma kama mtu mwenye kinyongo. Kwenye mrija wake kilichomekwa kipande cha plastiki chenye midomo mitatu, mmoja wa kuingiza hewa na miwili ya kutoa. Wauguzi walikiita panda, kwa kuwa kilifanana na panda ya manati. Kwa panda hiyo hewa ya mtu mmoja ilikwenda kwa wawili, na aghalabu haikumtosha yeyote.

"Hapa tunagawa," sista, muuguzi mkuu wa chumba, alimwambia Dakta siku ya kwanza.

"Lakini wote wawili wanakufa, sista."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Sasa kwa nini msimpe mmoja?"

Sista alikuwa akikunja shuka. Alimaliza kona kwanza. "Ukigawa, aliyekufa ameuawa na ugonjwa. Ukichagua, umemuua wewe. Mimi naishi mtaa huu, daktari. Nakwenda sokoni."

Dakta alichomoa panda, akaitia kwenye droo ya meza, akaanza kuchagua.

Wa kwanza kukosa alikuwa mzee mstaafu wa posta. Wanawe walimwita Dakta muuaji, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanaotaja cheo cha mtu. Mama aliyepewa mashine alirudi kwake kwa miguu, na wala hakupita kuaga. Wakafuata wengine. Mwaka ulipokwisha, waliotoka hai kwenye chumba kile walikuwa wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Takwimu zilikuwa upande wake, majirani hawakuwa. Walimbandika jina jingine, Mchaguzi, na akiingia dukani mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa.

Hayo aliyavumilia. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hahitaji kusalimiwa sana.

Ndipo Jumanne moja asubuhi binamu, yule wa mwiba, akaingia amembeba shangazi mgongoni.

Mapafu ya shangazi yalikuwa yamechakaa kwa muda mrefu. Dakta aliyajua kuliko alivyozijua njia za mji. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kwenye mashine alilazwa fundi mwashi, kijana bado, mwenye kichomi kikali, ambaye tangu jana alikuwa ameanza kupata nafuu. Mkewe aliketi ubavuni akimpepea kwa upande wa kanga. Dakta alipiga simu hospitali kuu, akajibiwa kwa adabu kwamba nafasi hakuna. Mitungi ya oksijeni ilikuwa njiani, kama kawaida yake. Mganga mkuu, ambaye angeweza kuamua badala yake, alikuwa kwenye semina ya ubora wa huduma.

"Mashine si ile pale?" aliuliza binamu.

"Ina mtu."

"Mtu gani?"

"Fundi mwashi."

"Ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Dakta angeweza kumjibu. Alikwisha kuwajibu binamu wa watu wengi. Lakini shangazi alinyanyua mkono, akamnyamazisha mwanawe, akavuta pumzi moja, kisha nyingine ya kuongezea.

"Mwache," alisema. "Dakta anajua." Akamtazama mabegani. "Hilo koti... bado linakuzidi, baba."

Dakta alikwenda mezani. Sista alikuwa pale, hakumwangalia.

"Ile panda iko wapi?"

"Ulipoiweka."

Aliichomeka mwenyewe. Alijiambia ni mpaka mitungi ifike. Mke wa fundi aliona mrija wa pili ukivutwa kuelekea kitanda cha jirani.

"Mnampunguzia?"

"Tunagawana kidogo, mama."

Mwanamke alifikiri. "Sawa. Na yule naye ni mtu."

Haikuchukua muda Dakta kuona anachokijua. Kipimo cha fundi kilianza kushuka. Cha shangazi hakikupanda. Mara mbili aliushika mrija wa shangazi auchomoe, na mara mbili akaishia kuunyoosha tu, kana kwamba kilichokosekana ni unyoofu. Shangazi alimtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliye mikononi mwa mtaalamu.

Fundi alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Shangazi alipata hewa yote kuanzia hapo, na akafa alasiri. Mitungi ililetwa keshokutwa, imejaa.

Siku ya kuchukua mwili, mke wa fundi alimngoja Dakta kwenye korido.

"Daktari, nataka nikwambie kitu. Nilisikia maneno juu yako kabla hatujaja. Kwamba unachagua watu. Mimi nimeona kwa macho yangu. Shangazi yako mwenyewe kalala pale, na hukumnyang'anya mume wangu. Umegawa sawasawa."

Dakta alifungua kinywa. Kilichopaswa kutoka alikijua neno kwa neno: kwamba mumewe angepona.

"Pole, mama," alisema.

"Tumeshapoa. Mungu akuzidishie huruma."

Maneno yake yalifika sokoni kabla yake. Msibani kwa shangazi watu walimpa mkono Dakta wakamsifu kwa kutopendelea, na binamu hakuelewa kilichosifiwa. Dukani wakaanza tena kumsalimia. Jina la Mchaguzi likafa lenyewe.

Panda haikurudi kwenye droo. Mwaka huu kaja daktari mpya, binti aliyemaliza chuo karibuni, koti lake limempata vizuri. Aliizunguka mashine, akakigusa kile kipande cha plastiki, akauliza kwa nini asipewe mmoja mwenye nafasi ya kupona.

Sista alikuwa akikunja shuka. Alisubiri Dakta ajibu.

"Hapa tunagawa," alisema Dakta.