Sukari ya Mtu Asiyekula

Mwanzoni nilimhesabu jirani yangu, fundi cherehani, kuwa mwongo, na sikuwa peke yangu, mkewe alinitangulia.

Mtaa mzima ulimwita Pindo, kwa kuwa hakuacha nguo bila kuipinda mara mbili. Alikuwa na kisukari, mwaka wa saba sasa. Alishona peku, akidai kiatu humzuia mtu kuusikia mwendo wa cherehani. Siku tatu kabla ya kila kliniki alijinyima chakula, akapimwa, akasifiwa, kisha akarudi mezani kama aliyetoka kifungoni.

Safari hii njaa haikumfaa. Asubuhi ya kwanza kipimo cha nyumbani kilisoma kumi na sita, ilhali ya kawaida haipiti saba. Ya pili, kumi na tisa. Mkewe alimkumbuka baba yake mzazi, aliyekuwa na kisukari pia. Naye aliondokea njia hiyo hiyo: kwanza namba, halafu mguu, halafu kaburi.

"Baba watoto, umekula nini?"

"Mate yangu."

"Mate gani hayo ya kumi na tisa? Unanificha!"

"Nipekue basi. Huenda nina mkate mfukoni."

Mke hakucheka. Alilifunga kabati la jikoni kwa kufuli, huku akijichukia. Asubuhi ya tatu: ishirini na mbili. Mwili wa mumewe ulikuwa wa moto, meno yakigongana. Hapo ndipo alipotambua kwamba wiki nzima mtu wa peku alikuwa akivaa soksi. Akainama amvue. Soksi iligoma, ilikuwa imegandamana na unyayo. Alipoilowesha ikaachia, harufu ikamrudisha nyuma hatua mbili. Katikati ya weusi, chini ya vidole viwili, ilichomoza ncha ya sindano ya cherehani, iliyovunjika.

"Na hukusikia maumivu?"

"Mguu ulishakufa ganzi. Niliona damu tu." Akauvuta mguu. "Nikasema moyoni, wakijua watanikata. Na ndio mguu wangu wa kukanyagia, mama watoto."

Hospitalini daktari aliisoma karatasi ya maabara mara mbili. Kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani unaoletwa na maambukizi kilikuwa kimepanda mara thelathini ya kawaida.

"Leo tunazungumzia vidole viwili," akasema. "Kesho tutazungumzia goti."

Fundi alishika kalamu asaini fomu ya kukubali upasuaji, ikamtoka. Mkewe akamwokotea, akamshika kifundo cha mkono hadi sahihi ikakamilika.

Vidole viwili vilikwenda, mguu ukabaki. Sasa hukanyaga kwa kisigino, polepole.

Miezi miwili baadaye, siku ya kubadilisha bandeji, muuguzi alimweleza mke jambo ambalo baadaye mke huyo alinisimulia, nami sikuwa nimewahi kulijua: kidonda kikioza na moyo ukijaa hofu, mwili humwaga homoni zinazoliamuru ini litoe sukari liliyoiweka akiba, na uvimbe ule wa ndani huizuia insulini isifanye kazi yake ya kuishusha sukari. Sukari hupanda hivyo hata kwa mtu ambaye hajaonja punje.