Akamwani za Asubuhi ya Pasaka

Joanitha Kokuberwa hula chakula chake cha mwisho Jumamosi, jua likiwa bado juu. Ndizi na maharage kidogo, kikombe cha maji, kisha anasukutua mdomo na kufunika sufuria. Tangu hapo mpaka misa ya saa nne kesho yake hagusi kitu. Anapiga pasi kitenge, anasali sala ya kutubu, anataja dhambi zake moja moja huku akishika vidole. Asubuhi anatembea hadi kigangoni na kukaa benchi la tatu. Wenzake wanapoinuka kwenda kupokea komunyo, yeye habanduki. Huu ni mwaka wa nne.

Nimeingia makanisa ya nchi nyingi, na mara nyingi nimeona watu wakienda kukomunika kama wanaokwenda kusaini mahudhurio. Sijaona kwingine mtu anayejiandaa hivi kwa chakula ambacho hatakula.

Ana miaka sabini na miwili. Anaishi mwendo wa nusu saa kutoka Rubya, kwenye kibanja cha migomba na mibuni alichoachiwa na baba yake. Upande wa pili aliishi kaka yake, Karugendo. Mpaka wao ulikuwa mti wa omulamula, na mwaka mmoja mvua kubwa iliung'oa. Wakagombana, kesi ikafika baraza la kata. Joanitha akashika Biblia akaapa kwamba mti ulisimama mbali zaidi, ndani ya shamba la kaka yake. Alijua anadanganya. Akapewa kipande kile pamoja na mibuni yake.

Miaka tisa hakukomunika.

"Ningewezaje?" aliniambia. "Mkono ulioapa ndio huo huo ningeunyoosha nipokee."

Kwaresima moja akachoka, akaenda kuungama. Padri akamwambia arudishe ardhi na amweleze kaka yake ukweli. Jumamosi Kuu alipiga magoti mlangoni kwa Karugendo akasema yote. Karugendo alikuwa ananoa panga, na hakuacha kunoa.

"Nimesikia," akasema. "Nenda kwako."

Pasaka, saa mbili asubuhi, Joanitha akiwa njiani kwenda kanisani, akamkuta kaka yake amesimama kando ya migomba. Amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Kiganjani ana jani la mgomba, na juu yake akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kila mgeni huku hupewa atafune. Lakini waliogombana wakizitafuna kutoka kiganja kimoja, ugomvi umekwisha.

"Tafuna, dada."

"Kaka, nimefunga. Nakwenda kupokea. Nikitoka misa nakuja hapa hapa, tunazimaliza zote."

"Moja tu."

"Bibi alitufundishaje, waitu? Hata maji."

Karugendo akazitazama buni zake. "Nimekesha nikijilazimisha kukufungulia kiganja hiki. Haya, wahi. Yesu wako ana haraka kuliko mimi."

"Nikacheka," Joanitha aliniambia. "Nilidhani ananitania, kama zamani."

Akapokea. Akarudi karibu anakimbia. Mlango ulikuwa umefungwa, na akamwani zimemwagwa njiani. Jirani akamwambia kaka yake amekwenda Ngenge, kwa mwanawe Mwesiga. Alipopiga simu, Mwesiga alipokea na kumpelekea mzee ujumbe. Jibu likarudi: "Mwambie ashibe kwanza."

Wiki ya tatu alifunga safari ya kumfuata. Hajafika barabarani, Mwesiga akapiga: presha imemwangusha baba shambani. Wakamleta wakamzika kibanjani, karibu na omulamula mpya aliokuwa ameupanda Joanitha kwenye mpaka wa kweli.

Msibani akamsimulia katekista, Audax, kwa nini alikataa zile buni. Audax akataka kumfariji. "Mama, kufunga ni saa nzima tu kabla ya kupokea. Sheria ya bibi yako ilibadilishwa zamani sana. Saa mbili ile ungetafuna kiganja kizima."

Tangu siku ile hajakomunika tena. Padri amemwita mara kadhaa. "Mungu anaijua nia yako," anamwambia. "Njoo upokee."

"Mungu anajua, padri. Karugendo hakujua."

Nilimuuliza kwa nini basi bado anafunga.

"Siku nikiruhusiwa, nisikutwe nimekula."

"Uruhusiwe na nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye migomba, lilipo kaburi.

Kabla sijaondoka aliniletea akamwani kwenye kikapu kidogo. Desturi ni mwenyeji atafune kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Akachukua moja, akaishika karibu na midomo, kisha akairudisha kikapuni. Ilikuwa Jumamosi, na jua lilikuwa limeanza kushuka.

"Tafuna tu wewe," akasema. "Mimi nimeshafunga."