Mkia wa Jogoo

Kila asubuhi fundi saa mmoja hukaa mbele ya kioo, taulo begani, akakoroga sabuni kwenye kikombe kilichokatika mkono mpaka povu lisimame lenyewe. Hujipaka kwa brashi taratibu, macho kayafumba nusu, kama mtu anayekunwa mgongo. Ndevu zikiwa zinalainika, mikono haikai bure: huchomoa kitambaa kimoja kikapuni na kudarizi mishono michache ya msalaba kabla ya kushika wembe. Vitambaa viko vitano, na hakuna hata kimoja kilichokamilika. Mkewe hujua ameshika kipi kwa uzi ulionasa kwenye povu karibu na sikio. Ukiwa wa bluu, basi leo ilikuwa zamu ya kitambaa chenye picha ya treni.

“Mzee, humu ndani unachomaliza ni ndevu tu,” humwambia.

“Nazo kesho zimerudi.”

Juzi mama wa watu alichoka. Akachukua kitambaa cha jogoo aliyebakiza mkia, akamdarizia mkia mwekundu wa kupepea, akakirudisha kikapuni kimya kimya. Asubuhi yake, akileta maji ya moto, akamkuta mumewe na povu hadi chini ya macho, kamwinamia jogoo, anafumua mkia uzi kwa uzi huku akiimba puani. Mkewe akasimama mlangoni na birika, maneno yamemjaa mdomoni. Akayatazama yale mabega yanavyocheza kwa raha. Kisha akarudi jikoni kubandika maji mengine. Mkia ule aliudarizi mrefu. Haya ya kwenye birika yangepoa kabla haujaisha kufumuliwa.